Kinachonuka Kinaondoka

Mimi hupika udi, mtaa wa Mkomani.
Sukari ikianza kushika rangi ya asali
natia vijiti, natia marashi, natia ambari,
nakoroga mpaka bega linakataa.
Mama alinirithisha kazi hii kwa neno moja:
kinachonuka kinaondoka.
Ndiyo maana kopo la udi halikosi kifuniko.

Twalib, shemeji yangu, alikuja na bata Iddi ya Mfungo Mosi.
Wa manjano, mdomo mwekundu,
ukimbana tumbo analia kama mlango wa stoo.
Alipomtoa mfukoni nyumba nzima ikasema,
"Aah, harufu ya upya!"
Hata mimi nilisema.
Shekuwe alikuwa anaota meno, ufizi umemvimba;
akampokea bata kwa mdomo, si kwa mkono.

Siku arubaini akamtafuna.

Halafu asubuhi moja, nikifagia, nikamwokota chini ya kitanda.
Mdomo mwekundu umekuwa mweupe.
Tumbo lililokuwa laini kama ndizi limekakamaa,
halilii tena.
Nikamnusa.
Hakuna kitu.

Nikakaa pale pale sakafuni.
Angekuwa udi ningesema: umekwisha, umeingia kwenye nguo.
Wekundu ule umeingia wapi?
Ulaini ule?

Mavyaa akasema, "Mwate mwana ateze.
Nyinyi mlitafuna viatu vya baba yenu."
Kweli. Ila kiatu kilikuwa na ng'ombe wake.
Bata huyu hana mama.

Duka la dawa, Nuswaiba alimgeuza chali,
akamsoma tumboni: herufi tatu, na pembetatu iliyofutika.
Akasema plastiki hii kwa asili ni ngumu, hulainishwa kwa dawa,
na dawa yenyewe haikufungwa kamba, hutoka kidogo kidogo
kwa joto, kwa mate.
Akasema rangi nyingine zina risasi.
Nikasema, risasi ya bunduki?
Akasema madini ni yale yale, ila hii haina mlio.
"Na huyu anayo?"
"Sijui. Mashine ya kujua haiko hapa."
Akanirudishia bata kwa ncha za vidole,
kisha akanawa mikono.
Hilo la kunawa ndilo nililolielewa vizuri.

Nimtupe wapi?
Nikimchoma, ni yeye yule, amepata mbawa.
Nikimpeleka jaani atamla punda wa Bakathir,
kama mwenzake aliyekula mifuko
hata akafa kwa njaa, tumbo limejaa.
Baharini sitaki hata kutamka.
Nimemtia kwenye kopo la udi, nikazungushia utepe.
Yuko rafuni, kati ya halud na mawaridi,
mteja akiuliza bei namwambia limeshauzwa.

Alhamisi nikawasha makaa,
nikatandaza vijinguo vya Shekuwe juu ya tenga la kufukizia
kama nifanyavyo kila wiki.
Moshi ukapanda, mtamu, mzito,
na mkono wangu ukasita hewani.
Huu nao,
umepimwa na nani?

Sasa ni usiku, amelala.
Meno mawili yametoka, ya chini, kama punje za mchele.
Nimeinama mpaka pua inakaribia kugusa midomo yake.
Pua hii hii, watu huniletea ambari kutoka Faza
niwaambie ya kweli ni ipi,
gizani, bila kushika.

Nikavuta pumzi. Maziwa.
Nikavuta tena. Maziwa, na usingizi.
Nikavuta mara ya tatu, taratibu,
kama mtu aliyetega sikio mlangoni
pa chumba asichojua
kama ndani mna mtu.